Florence Nightingale: Mwanamke aliyeufanya uuguzi kuwa kazi ya kusomewa

KATIKA sherehe za vyuo vya uuguzi humu nchini, vijana waliovalia sare huwasha mishumaa na kula kiapo kinachobeba jina la Florence Nightingale. Wengi wanaosikiliza huamini kwamba maneno hayo yaliandikwa na mwanamke huyo. Ukweli ni kwamba kiapo hicho kilitungwa Detroit, Marekani, mnamo 1893, na hakikutoka mikononi mwake.

Alichoacha Nightingale ni kitu kigumu zaidi kuliko kiapo. Ni imani kwamba mgonjwa hawezi kupata huduma bora hospitalini ikiwa anayemhudumia hajafunzwa kazi yake, na kwamba mafunzo yenyewe yakilegea, jina zuri la chuo halitamsaidia mgonjwa huyo. Imani hiyo haikumjia kwa siku moja. Aliijenga kwa miaka mingi, na sehemu yake kubwa ilitokana na mambo yaliyomwendea kombo.

BINTI WA TAJIRI AKATALIWA

Nightingale alizaliwa Mei 12, 1820 katika jiji la Florence, Italia, wakati wazazi wake, Waingereza wenye mali nyingi, walipokuwa ziarani Ulaya. Alipewa jina la jiji hilo. Dadake mkubwa, Parthenope, naye alikuwa amepewa jina la kale la Kigiriki la Naples, alikozaliwa.

Baba yao, William Edward Nightingale, aliwafunza mabinti wake nyumbani. Aliwasomesha Kigiriki, Kilatini, historia na falsafa, masomo ambayo wasichana wengi wa enzi hizo hawakuyaonja. Florence alivutiwa mno na hisabati, na hesabu hizo zingekuja kumfaa kuliko alivyodhani yeyote katika nyumba ile.

Mnamo 1837, akiwa na umri wa miaka 16, alihisi kwamba Mungu amemwita amtumikie. Ilimchukua miaka kadhaa kutambua kwamba wito huo ulikuwa wa kuwahudumia wagonjwa. Mwaka wa 1845 aliomba ruhusa ya kwenda kujifunza kazi katika hospitali ya Salisbury, isiyo mbali na nyumbani kwao. Jamaa zake walikataa katakata.

Walikuwa na sababu. Katika hospitali nyingi za Uingereza wakati huo, uuguzi ulifanywa na wanawake ambao hawakuwa wamefunzwa lolote. Malipo yao yalikuwa duni, baadhi yao walilala humo humo katika wodi, na ulevi ulikuwa jambo la kawaida. Mwandishi Charles Dickens aliwakejeli kupitia Sairey Gamp, mhusika wa riwaya yake Martin Chuzzlewit, muuguzi mlevi anayejali chupa yake kuliko mgonjwa aliye mbele yake. Hakuna familia ya hadhi iliyotaka binti yake ahesabiwe katika kundi hilo.

Hata hivyo, kosa halikuwa la wanawake hao peke yao. Daktari alimwona mgonjwa, akaagiza dawa, akaenda zake. Aliyebaki kando ya kitanda usiku kucha hakuwa amefundishwa atazame dalili gani, aoshe nini, wala amwite daktari wakati gani. Kazi iliyobeba uhai wa mtu ilichukuliwa kama kazi ya kufagia, ambayo yeyote mwenye mikono angeweza kuifanya.

Nightingale hakukata tamaa. Alisoma kwa siri ripoti za hospitali na afya ya umma, mara nyingi kabla ya mapambazuko, akajaza daftari kwa maelezo na takwimu. Mnamo 1850 alizuru Kaiserswerth, Ujerumani, ambako mchungaji Theodor Fliedner alikuwa akiwaandaa wanawake wa kanisa kuwahudumia wagonjwa na maskini. Mwaka uliofuata alirudi huko na kukaa takriban miezi mitatu.

Baadaye maishani alikiri kwamba usafi wa mahali pale ulikuwa duni na mafunzo ya uuguzi yalikuwa hafifu. Lakini huko aliona jambo ambalo hakuwa ameliona kwao: wanawake wenye nidhamu na heshima, wakifanya kazi hiyo kwa mpango na chini ya usimamizi.

Mwezi Agosti 1853 alipewa usimamizi wa hospitali ndogo ya wanawake katika barabara ya Harley Street, London. Hapo alionyesha mapema kwamba huduma nzuri huhitaji mpangilio. Alitaka maji ya moto yafikishwe kwa mabomba hadi ghorofa za juu, lifti ya kupandishia chakula, na kengele ambazo mgonjwa angeweza kuzipiga na muuguzi akajua mara moja anaitwa kutoka wapi. Kwa njia hiyo muuguzi angeokoa muda wa kupanda na kushuka ngazi, akautumia kwa mgonjwa.

KIFO KATIKA KAMBI YA SCUTARI

Uingereza ilijiunga na Vita vya Crimea dhidi ya Urusi mnamo Machi 1854. Miezi michache baadaye, ripoti za gazeti la The Times, zikiwemo za mwanahabari William Howard Russell, ziliwafichulia Waingereza jinsi majeruhi wao walivyokuwa wakiteseka bila huduma. Waziri Sidney Herbert, aliyekuwa rafiki yake Nightingale, alimwomba aongoze kikosi cha wauguzi.

Aliondoka Oktoba 21, 1854 akiwa na wanawake 38. Baadhi yao walikuwa watawa wa Kikatoliki, wengine masista wa Kianglikana, na wengine wafanyakazi wa hospitali za kawaida. Walifika Scutari, ng'ambo ya jiji ambalo sasa linaitwa Istanbul, Novemba 4. Madaktari wa jeshi hawakuwataka. Nightingale aliwazuia wauguzi wake wasiguse mgonjwa yeyote hadi madaktari wenyewe waombe. Siku chache tu baadaye, wimbi la majeruhi lilipofurika hospitalini, waliomba.

Alikuta kambi kubwa iliyogeuzwa hospitali. Chini ya jengo kulikuwa na mitaro ya majitaka iliyoziba. Wagonjwa walilala kwa safu ndefu koridoni, wengine sakafuni, wakiwa wamevaa nguo zilezile chafu walizopiganiwa nazo vita. Kipindupindu, kuhara damu na homa viliua watu wengi kuliko risasi. Akitumia fedha zilizochangwa na wasomaji wa The Times pamoja na zake mwenyewe, Nightingale alinunua mashati, sabuni, taulo na vyombo vya kulia, akaanzisha dobi na kuimarisha jiko la wagonjwa mahututi. Usiku alizunguka wodini akiwa na taa, na picha hiyo ndiyo iliyomfanya maarufu kote duniani.

Umaarufu huo unaficha ukweli wenye uchungu. Vifo havikupungua baada ya yeye kufika. Majira hayo ya baridi zaidi ya wanajeshi 4,000 walifia Scutari. Mnamo Februari 1855 kiwango cha vifo kilifika takriban asilimia 42 ya waliolazwa. Wauguzi walikuwa na huruma, walikuwa na bidii, lakini watu waliendelea kufa mikononi mwao.

Mabadiliko yalianza Machi 1855, serikali ilipotuma tume ya usafi iliyoongozwa na Dkt John Sutherland. Wajumbe wake waliamuru mitaro izibuliwe, mizoga iondolewe, kuta zipakwe chokaa na hewa iruhusiwe kupita majengoni. Kufikia Juni, kiwango cha vifo kilikuwa kimeshuka hadi takriban asilimia 2.

Nightingale mwenyewe hakuelewa papo hapo maana ya mabadiliko hayo. Akiwa bado Scutari aliamini kwamba wanajeshi wengi walikufa kwa sababu ya njaa, uchovu na kuchelewa kufikishwa hospitalini. Ni baada ya kurejea nyumbani mnamo Agosti 1856, alipoketi na mtaalamu wa takwimu William Farr na kuzichambua hesabu za vifo, ndipo alipoona waziwazi kwamba hospitali yenyewe ilikuwa chanzo cha mauti.

Mtu mwingine angeyazika matokeo hayo, hasa wakati taifa zima lilikuwa likimwimbia sifa. Yeye alitaka yachapishwe. Alishinikiza kuundwa kwa tume ya kifalme kuhusu afya ya jeshi mnamo 1857, na akachora michoro ya duara iliyoonyesha kwa rangi jinsi magonjwa yaliyoweza kuzuiwa yalivyoua wanajeshi wengi kuliko majeraha ya vita. Tangu hapo aliamini kwamba muuguzi anayepaswa kuokoa maisha lazima ajue kwa nini dirisha lifunguliwe, kwa nini maji machafu yasikae na kwa nini mikono ioshwe.

CHUO CHAFUNGULIWA LONDON

Wakati vita vikiendelea, Waingereza walikuwa wameanzisha hazina ya kumshukuru. Wanajeshi nao walichanga kutoka kwa mishahara yao. Fedha hizo, zaidi ya pauni 44,000, zilikuwa mali nyingi kwa wakati huo. Nightingale aliamua zitumike kuwafunza wauguzi.

Mnamo 1860 chuo kilifunguliwa katika Hospitali ya St Thomas', London, kikiwa na wanagenzi 15. Mafunzo yalidumu mwaka mmoja, kisha mhitimu alitarajiwa kuhudumu kwa miaka kadhaa zaidi mahali atakapopelekwa. Wanafunzi walipewa malazi, chakula, sare na posho ya pauni 10. Kila mmoja alikuwa na chumba chake. Jambo hilo lilikuwa na uzito, kwani wazazi waliohofia sifa mbaya ya hospitali sasa waliweza kumwachilia binti yao.

Orodha ya yale waliyopaswa kuyamudu ilikuwa ndefu. Walijifunza kusafisha na kufunga vidonda, kutumia ruba, kutandika kitanda cha mgonjwa asiyeweza kujigeuza, kuzuia vidonda vitokanavyo na kulala muda mrefu, kupika chakula cha wagonjwa na kuhakikisha wodi ina hewa safi. Zaidi ya yote, walifundishwa kumchunguza mgonjwa: anavyopumua, anavyolala, hamu yake ya kula, mpigo wa moyo wake, hali ya ngozi yake. Msimamizi mkuu wa wauguzi, Sarah Wardroper, alijaza ripoti ya kila mwanagenzi kuhusu kazi yake na mwenendo wake.

Hospitali nyingine zilianza kuwaulizia wauguzi hao kabla hata hawajahitimu. Mnamo 1865, kwa ombi na ufadhili wa mfanyabiashara William Rathbone, Agnes Jones alipelekwa Liverpool pamoja na wauguzi 12 kusimamia wagonjwa katika nyumba kubwa ya maskini. Kabla ya hapo, wagonjwa wa huko walitunzwa na maskini wenzao waliokuwa na nguvu kidogo.

Jones alijaribu kuwafunza baadhi ya wanawake hao wa nyumba ya maskini wawe wasaidizi. Jaribio hilo halikufaulu, kwa kuwa wengi walishindwa na pombe na ikabidi waondolewe. Lakini wauguzi waliosomea kazi walileta utulivu na usafi ambao haukuwahi kuonekana pale, na wakuu wa Liverpool waliokuwa na shaka wakakubali gharama hiyo ilistahili. Jones aliaga dunia Februari 1868 kwa homa inayoenezwa na chawa, akiwa na umri wa miaka 35. Mwaka uo huo Lucy Osburn na wenzake watano walifika Sydney, Australia, kuanzisha mafunzo kama hayo.

MAFUNZO YALIPOGEUKA HATARI

Katikati ya mafanikio hayo kulitokea pigo ambalo halisimuliwi sana. Mnamo 1861 hazina ya Nightingale ilianza kufadhili mafunzo ya wakunga katika Hospitali ya King's College, London. Nia ilikuwa njema: kuwapeleka vijijini wakunga wenye ujuzi. Lakini akina mama waliojifungulia katika wodi hiyo walianza kufa kwa homa ya uzazi, na mnamo 1867 wodi ikafungwa.

Nightingale hakutafuta wa kulaumiwa. Alikusanya hesabu za vifo vya akina mama kutoka hospitali na miji mbalimbali, na mnamo 1871 akachapisha kitabu kuhusu nyumba za kujifungulia. Takwimu zilionyesha kwamba mwanamke aliyejifungulia nyumbani, hata katika umaskini, mara nyingi alikuwa salama zaidi kuliko aliyelazwa katika wodi iliyojaa wazazi wengine na wanafunzi. Mafunzo yaliyokusudiwa kuwaokoa akina mama yalikuwa yamewaweka hatarini.

Elimu ya viini vya magonjwa ilikuwa bado changa, na kwa miaka mingi Nightingale mwenyewe aliitilia shaka nadharia ya kuambukizana. Hata hivyo, somo alilolichukua lilikuwa sahihi: mwanafunzi hafai kujifunzia mahali ambapo usalama wa mgonjwa haujatangulizwa.

Mwaka uliofuata, 1872, aligeukia chuo chake cha St Thomas'. Kwa miaka 12 alikuwa amekiongoza kwa mbali, kwani tangu 1857 afya yake ilikuwa mbovu na muda mwingi aliutumia kitandani. Alipochunguza kwa karibu, alishtuka. Daktari aliyepaswa kuwafundisha wanagenzi alikuwa hatoi mihadhara inavyotakiwa. Ripoti zilijazwa, lakini hazikuonyesha mwanafunzi anajua nini hasa. Hospitali ilikuwa ikiwatumia wanagenzi kama vibarua wa bei nafuu wa kujaza mapengo ya wodi.

Kwa maneno mengine, chuo kilichosifiwa duniani kote kilikuwa kikitoa wauguzi ambao baadhi yao hawakuwa wamefunzwa ipasavyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nightingale aliuona ufa huo na akaanza kuuziba.

Daktari mpya, John Croft, aliteuliwa, akaandaa mihadhara, orodha ya vitabu vya kusoma na mitihani. Mwalimu wa kuishi na wanagenzi aliajiriwa ili awasaidie kuelewa waliyoyasikia darasani na kuyaona wodini. Nightingale naye aliwaita wanagenzi nyumbani kwake mmoja mmoja, akawahoji kwa upole lakini kwa undani, na kuandika maelezo kuhusu kila mmoja. Alianza pia kuwaandikia wauguzi barua ya kila mara, akiwahimiza kwamba muuguzi anayedhani amemaliza kujifunza ameanza kurudi nyuma.

Wageni kutoka mbali walikuja kujionea. Mnamo 1877 alifika Linda Richards wa Marekani, ambaye baadaye alikwenda Japani kuanzisha mafunzo ya uuguzi.

UBISHI KUHUSU CHETI

Si kila alichokiamini kilikubaliwa na vizazi vilivyofuata. Mwishoni mwa miaka ya 1880, Ethel Bedford Fenwick aliongoza harakati za kutaka wauguzi wasajiliwe kisheria baada ya kufaulu mtihani. Nightingale alipinga vikali. Alihofia kwamba jina katika orodha lingechukuliwa kuwa uthibitisho wa ubora, ilhali mtihani wa karatasi hauwezi kupima uaminifu wala uangalifu wa mtu kando ya kitanda cha mgonjwa usiku wa manane.

Historia ilimshinda katika jambo hilo. Uingereza ilipitisha sheria ya usajili wa wauguzi mnamo 1919, na mataifa mengi, Kenya ikiwemo, yana mabaraza yanayosajili wauguzi na kusimamia mafunzo yao. Usajili umewalinda wagonjwa dhidi ya walaghai. Lakini hofu yake haikuwa ya bure. Cheti huthibitisha kwamba mtu alifunzwa siku moja, hakithibitishi kwamba bado anakumbuka. Ndiyo maana muuguzi wa Kenya leo hutakiwa kuonyesha kwamba ameendelea kujifunza ili leseni yake ifanywe upya.

Utafiti wa kisasa nao umeendelea kumuunga mkono. Mnamo 2014 jarida la The Lancet lilichapisha uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 420,000 waliofanyiwa upasuaji katika hospitali 300 za mataifa tisa ya Ulaya. Ilibainika kwamba kila idadi ya wauguzi wenye shahada ilipoongezeka kwa asilimia 10 hospitalini, uwezekano wa mgonjwa kufa katika siku 30 ulipungua kwa asilimia 7. Aidha, kila mgonjwa mmoja wa ziada aliyeongezewa muuguzi alipandisha hatari hiyo kwa asilimia 7. Kumbe elimu ya muuguzi na wingi wa kazi yake ni mambo yanayokwenda pamoja. Aliyesoma sana lakini akaachiwa wodi nzima peke yake bado atashindwa.

KABURI BILA JINA KAMILI

Kufikia mwanzoni mwa karne ya 20 Nightingale alikuwa amepoteza uwezo wa kuona. Mnamo 1907 akawa mwanamke wa kwanza kutunukiwa Nishani ya Ustahilifu na mfalme wa Uingereza. Alifariki nyumbani kwake London Agosti 13, 1910, akiwa na umri wa miaka 90.

Serikali ilipendekeza azikwe katika kanisa la Westminster Abbey, wanakozikwa wafalme na mashujaa. Jamaa zake walikataa, kwa kuheshimu matakwa yake. Alizikwa katika uwanja wa kanisa dogo la East Wellow, Hampshire, na kwenye jiwe la kaburi lake palichongwa herufi mbili tu za jina lake pamoja na miaka ya kuzaliwa na kufa.

Siku yake ya kuzaliwa, Mei 12, huadhimishwa ulimwenguni kama Siku ya Wauguzi. Hotuba hutolewa, na taa yake hutajwa. Pamoja na taa hiyo ingefaa ikumbukwe siku ile ya 1872 alipokubali kwamba chuo chenye jina lake hakifundishi inavyopasa, akaanza upya. Chuo chochote, hospitali yoyote, na wizara yoyote ya afya inaweza kumuiga katika hilo. Mgonjwa aliyelala kitandani hana njia ya kukagua mafunzo ya anayemchoma sindano. Lazima wengine wamkagulie mapema.